Kitabu Kilikuwapo, Filipo Hakuwapo

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Pasua, Moshi



Nimeombwa nizungumze juu ya haki ya mtoto ya kupata elimu wakati wa maradhi ya mlipuko. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini turudie habari za korona, wakati ndoo za kunawia mikono zimekwisha kuondolewa milangoni na barakoa zimesahauliwa kabatini. Ninazirudia kwa sababu hesabu ya siku zile haijafungwa. Mtoto aliyekuwa akijifunza silabi mwaka 2020 leo sauti yake inaanza kuvunjika, na wapo miongoni mwao ambao bado wanasoma kwa kubabaika. Tena maradhi hayajatuaga. Marburg ilizuka Kagera mwezi Machi 2023, ikarudi mkoani humo humo, huko Biharamulo, Januari 2025. Hakuna ajuaye zamu ya Kilimanjaro ni lini.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye aligunduliwa hapa jirani, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Kidato cha sita na vyuo vikarudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Ukihesabu tangu tarehe 17 Machi hadi siku hiyo ya kurudi utapata siku 104. Ni kweli kwamba ndani yake zimo siku ambazo zingekuwa za likizo, lakini hata ukiziondoa, sehemu kubwa ya muhula ilipotea.

Sitaki kuilaumu amri ya kufunga. Mwezi Machi mwaka ule hata mabingwa wa tiba walikuwa wakipapasa gizani, na darasa ambamo watoto wanabanana watatu watatu kwenye dawati moja si mahali pa kufanyia majaribio. Wakenya walifunga wiki ileile, wakaanza kurudi kwa mafungu Oktoba 2020, na madarasa mengine yakarudi Januari 2021. Waganda walifunga Machi 2020, na ijapokuwa baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, shule zote hazikufunguliwa hadi tarehe 10 Januari 2022, muda ambao haukufikiwa na nchi nyingine yoyote duniani. Sisi tulirudi mapema, na kwa mtoto wa maskini hilo lilikuwa jambo jema. Nitalisema jema hilo kwa sharti moja, ambalo nitalieleza baadaye.

Suala langu leo ni zile siku 104. Je, ni nani aliyefundishwa, na ni nani aliyeachwa?

Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha vipindi vya masomo vikarushwa kwa redio na televisheni, na vitabu vya kiada vikawekwa kwenye maktaba yake ya mtandao. Hiyo ilikuwa kazi ya kushukuriwa. Baadhi ya shule za binafsi, na za Kanisa zikiwamo, zilituma mazoezi kwa simu za wazazi, nao wazazi wakayapiga picha yaliyokwisha kujazwa na kuyarudisha. Kwa hiyo kwenye karatasi masomo yaliendelea.

Sasa tushuke kwenye nyumba zetu. Hapa Pasua, familia nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga. Simu yenye intaneti, kama ipo, ni ya baba, naye hutoka nayo alfajiri. Mwaka ule wageni wa mlima walikoma kuja, na wagumu waliozoea kubeba mizigo hadi kambi za juu walirudi nyumbani mikono mitupu. Vocha ya simu ikashindana na unga, na mshindi mnamjua. Wazazi wengi waliwapandisha watoto migombani kwa bibi, Kibosho, Uru, Old Moshi, wengine hadi Rombo. Bibi alikuwa na redio, lakini betri ni za taarifa ya habari na Misa ya Jumapili. Na hata redio ilipowashwa, nani alijua kwamba saa nne kamili kuna somo la hisabati la darasa la tano? Waliobaki mjini wakaonekana Mbuyuni na sabuni, karanga na mifuko. Mtoto wa aina hiyo hakukataa kusoma. Masomo yalipita juu ya kichwa chake kama ndege iendayo KIA, akaisikia ikivuma tu.

Oktoba 2020 wanafunzi wa darasa la saba walikaa kwenye mtihani. Karatasi ilikuwa ileile kwa aliyefundishwa na baba yake sebuleni na kwa aliyeuza karanga.

Ndugu zangu, mnakumbuka katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, habari za yule towashi Mwethiopia aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Hakuwa maskini, kwani alisafiri kwa gari la farasi, na kitabu cha nabii Isaya kilikuwa mikononi mwake. Alikuwa anasoma, tena kwa sauti. Walakini hakuelewa mpaka Roho alipomsukuma Filipo akimbilie gari lile, apande, aketi karibu naye. Hapo ndipo maandishi yalipopata uhai. Mwaka 2020 kitabu kilikuwapo. Tulikiweka hewani, tukakiweka mtandaoni. Filipo hakuwapo.

Nasema hivyo bila kudharau mitambo. Redio si kitu kigeni katika elimu ya nchi hii, na wazee waliomo humu ni mashahidi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kwa njia ya redio mambo ya malaria, kuhara, maji safi na vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mama yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo, na hadi leo anaweza kueleza kwa nini shimo la choo lichimbwe mbali na kisima. Siri ya kampeni ile ilikuwa nini? Redio ilikuwa moja kwa kikundi kizima. Kulikuwa na kijitabu. Kulikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi kabla ya kuanza, ambaye baada ya kipindi alizima redio na kuuliza: tumesikia nini, na sisi hapa tutafanya nini? Watu wakatoka pale wakaenda kuchimba vyoo. Yaani miaka 47 kabla ya korona, nchi hii ilikwisha kujua kwamba sauti itokayo mbali huhitaji mtu wa karibu wa kuipokea.

Kwa nini basi hatukulikumbuka hilo? Wengine watasema ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba mitaala iko chini ya Wizara ya Elimu na shule za msingi za serikali ziko chini ya halmashauri, nayo amri ilitoka juu kwa siku moja, tofauti na Marekani ambako kila wilaya ya shule iliamua yenyewe, wazazi na vyama vya walimu wakavutana miezi kadhaa. Mwalimu wa hapa hakupewa kazi ya kuwafuata watoto majumbani. Alisubiri, kama sisi sote tulivyosubiri.

Lakini ngojeni niseme la upande wangu, maana si haki kunyooshea serikali kidole na kuficha kiganja. Makanisa hayakufungwa. Parokia niliyokuwa nikihudumu wakati ule ilikuwa na ukumbi mkubwa wenye madirisha pande zote mbili, televisheni moja, na viti vya kutosha kukaa kwa kuachana. Tuliufunga kwa kufuli siku zote 104. Jumapili niliwaona watoto mbele yangu, wamenawa, wameketi mbali mbali, nikawahubiria juu ya subira. Haikunijia hata mara moja kuwauliza wamesoma nini wiki hiyo. Ndani ya parokia walikuwamo walimu wastaafu, na wanafunzi wa vyuo waliorudi nyumbani wakikaa barazani wakichezea simu. Hakuna amri iliyonizuia kumwomba mmoja wao akae na watoto wanane wa Jumuiya yake chini ya mwembe kwa saa moja. Hilo silo kosa la Wizara. Ni langu, na nimeliungama.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, walifundisha kwamba kila mtu ana haki ya elimu, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Sisi mapadre hupenda kuwakumbusha wazazi hiyo sehemu ya pili, hasa siku za ubatizo. Lakini mzazi aliyeishia darasa la nne hawezi kufundisha sehemu na desimali kwa sababu tu tumemwita mlezi wa kwanza. Wajibu wake unadai msaada wetu.

Lipo jambo jingine ambalo akina mama wameniomba nisilipite, nami sitalipita. Shule zilipofunguliwa, wapo mabinti ambao hawakurudi kwa sababu walikuwa wajawazito. Wakati ule binti aliyepata mimba hakuwa na ruhusa ya kurudi katika shule ya serikali. Aliyempa mimba, kama naye alikuwa mwanafunzi, aghalabu aliingia darasani bila kuulizwa. Sierra Leone walipitia njia hiyohiyo: shule zilifungwa mwaka 2014 kwa sababu ya Ebola, zikafunguliwa Aprili 2015, na mabinti wajawazito wakazuiwa mlangoni, katazo ambalo halikuondolewa hadi Machi 2020. Kwetu mlango ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba walioacha shule, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Ni miezi 17 tangu siku ile ya Juni. Kwa msichana wa miaka 15 hiyo ni safari ndefu, na wengi walikuwa wamekwisha kuwa mama ntilie au wafanyakazi wa ndani. Naomba kila Jumuiya ijiulize kimyakimya: binti yetu yule alikwenda wapi? Na sisi tunaosimamia shule za Kanisa tujiulize kama milango yetu ina upana wa kutosha.

Sasa lile sharti nililolitaja. Nimesema kurudi mapema kulikuwa kwema. Lakini tulirudi wakati takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa: za mwisho, mwanzoni mwa Mei 2020, zilisema wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Mwalimu mwenye kisukari alirudi mbele ya watoto wengi bila kujua ukubwa wa hatari. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa barua ya kuwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya, na miezi ile tulizika mapadre, watawa na walimu kwa wingi. Haki ya mtoto kusoma haipingani na haki ya mwalimu kuambiwa ukweli. Anayewarudisha watu darasani anawiwa yote mawili, na kudai ukweli huo kwa adabu si uasi. Ni sehemu ya kazi ya Tume hii.

Nimalizie kwa tutakayofanya, kwa kuwa hatukukutana kuomboleza tu. Tume imechapisha karatasi ya ukurasa mmoja. Kiongozi wa kila Jumuiya ataandika humo idadi ya watoto wa shule walio katika Jumuiya yake na madarasa yao. Nyumba zenye redio inayofanya kazi. Na majina ya watu wawili, walioridhia kwa hiari yao, wanaoweza kukaa na watoto saa moja kwa siku iwapo shule zitafungwa tena. Si lazima wawe walimu. Aliyemaliza kidato cha nne na ana uvumilivu anatosha. Wawili, wala si mmoja, ili watoto wawe salama na asiwepo wa kunung'unikiwa. Majirani zetu Waislamu na Walutheri wahesabiwe pia, maana redio haiulizi dini. Walimu wakuu tutawaomba watupe ratiba na vitabu vya ziada, tukipitia kwa Afisa Elimu, tusije tukaonekana tunafungua shule ya uchochoroni. Ufunguo wa ukumbi utakaa kwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, si kwangu, kwa sababu mliyoisikia.

Karatasi ziko kwa katibu pale mlangoni. Naomba zirudi kabla ya Jumapili ya Matawi. Sasa nipo tayari kusikia maswali yenu, na tuanze na akina mama, maana wana mengi ya kuniambia.