Injini Iliyoshika kwa Kutu

Wengi wetu wa Kisii na Nyamira twafanya kazi mbali. Motakaa hubaki uani mwaka, pengine miwili. Mvua ya kwetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Unyevu huingia kwa eksozi, hupenya valvu iliyo wazi, na ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu.

Likizo ikifika, injini haigeuki. Ndipo huja wa kusema, "Tieni gia, livutwe na trekta!" Tukatae kabisa. Konrodi hupinda, ringi hukatika, na injini ya kutengenezeka huwa chuma chakavu, hali mkopo wa ushirika bado twalipa.

Karakanani kutu hulainishwa kwanza. Tuondoe waya wa betri, gia iwe huru, magurudumu yazuiwe kwa mawe. Tufungue plagi zote, tumimine kila silinda vijiko vichache vya dizeli na oili, tuongeze kila jioni kwa juma zima. Kisha spana ndefu kwenye nati ya puli ya krankishafti: mbele kidogo, nyuma kwa tahadhari, nati isije ikafunguka. Ikisogea upana wa ukucha, tushukuru, tuongeze mafuta.

Ikizunguka, tusiiwashe bado. Tuizungushe plagi zikiwa nje, dizeli iruke yote, sigara ziwe mbali. Oili na petroli ya zamani imwagwe, itiwe mpya. Moshi wa kwanza utakuwa mwingi. Majirani waambiwe mapema.