Kopo Lililonyamaza: Juu ya Mawimbi ya Redio na Namna ya Kuunda Redio Ndogo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ruanda, Mbozi)



Ndugu Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote litakalowafaa vijana, nami nilikusudia kusema juu ya utumishi wa umma, maana ndiyo kazi yangu. Lakini kila nilipoikumbuka shule hii, kilichonijia kichwani hakikuwa mafaili ya ofisini. Lilikuwa kopo la plastiki lililozungushiwa waya, kopo ambalo lilinitia aibu mbele ya shule nzima nikiwa kidato cha pili, wakati huo hapa petu pakiwa bado mkoa wa Mbeya.

Ilikuwa siku ya wazazi. Nilikuwa nimetangaza kwa wiki mbili kwamba nitaonyesha redio niliyoiunda kwa mikono yangu, redio isiyotumia betri. Saa kumi alasiri niliweka chombo changu mezani, nikavaa kisikizi sikioni, nikazungusha kitufe huku na huku. Kimya. Nikakaza nyaya, nikajaribu tena. Kimya. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Labda mtangazaji amelala!" Watu wakacheka, na baba yangu, aliyekuwa amefunga safari kuja kuniona, akatazama chini.

Jioni ile niliamua kuacha fizikia. Mwalimu wetu wa fizikia akaniita maabara, hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kosa umeanza kulitafuta wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimelitafuta popote. Nilikuwa nimetikisa nyaya tu. Nitarudi kwenye kopo hilo, lakini kwanza tuelewane juu ya kitu nilichokuwa nakitega.

Vijana, ninyi mnaoishi hapa Mbozi mna mwalimu wa mawimbi ambaye hana haja ya ubao. Ni radi. Msimu wa mvua unapoanza, washeni redio yenye masafa ya kati, ile inayoandikwa AM, mkaiweke mahali pasipo na kituo. Umeme unapomulika juu ya milima, redio hukwaruza papo hapo, na ngurumo hufuata baadaye. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde tatu za kungoja ni kama kilometa moja. Lakini ule mkwaruzo haukungoja. Ulikuja pamoja na mwanga, kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa sababu mkwaruzo na mwanga ni ndugu wa tumbo moja. Umeme unapokwenda kwa kasi na kubadilika, hutupa mawimbi pande zote. Radi, basi, ni mtambo wa kurushia matangazo, isipokuwa hauna mpangilio.

Kituo cha redio hufanya kazi ileile kwa mpangilio. Umeme husukumwa juu na chini katika mlingoti kwa idadi maalumu kila sekunde. Kituo kilichoko kilohezi 1,000 huusukuma mara milioni moja kwa sekunde. Gawanyeni mwendo wa wimbi kwa idadi hiyo, mtapata urefu wa wimbi: mita 300, karibu viwanja vitatu vya mpira. Kituo cha FM kilichoko megahezi 100 kina wimbi la mita tatu tu. Robo yake ni sentimeta 75, na sasa mnajua kwa nini antena ya kuvuta ya redio ya nyumbani ina urefu wa karibu kiasi hicho, na kwa nini simu nyingi zenye redio hukataa kushika kituo mpaka uchomeke waya wa masikioni. Waya ule ndio antena yenyewe.

Mambo haya yalianza kwenye karatasi. James Clerk Maxwell, Mskochi, aliyatoa kwa hesabu mwaka 1865, kabla hajayaona mtu yeyote. Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyathibitisha maabara miaka ya 1887 na 1888. Mwaka 1901 Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Wala hayakuchelewa kufika kwetu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, na shabaha ya mizinga yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Wakubwa wale walijua mapema kwamba mwenye mawimbi ana nguvu.

Sisi nasi tulikuja kuitumia nguvu hiyo kwa kazi njema zaidi. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Na katika miaka ya ukombozi, vyama vya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika vilipewa nafasi ya kusema kupitia mitambo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, watu wao wakawasikiliza nyumbani kwa kujificha.

Mtu atauliza: sauti ya Dar es Salaam ilifikaje mbali kiasi hicho, na dunia ni mviringo? Jibu liko juu angani. Kuanzia kiasi cha kilometa 60 kwenda juu, jua huichaji hewa kwa umeme, ikawa matabaka matabaka. Tabaka la chini huyameza mawimbi ya masafa ya kati wakati wa mchana. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka, na matabaka ya juu yake huyarudisha mawimbi duniani kama ukuta unavyorudisha mpira. Ndiyo maana usiku redio ya AM hushika vituo vya mbali ambavyo mchana havipo kabisa. Mawimbi ya masafa mafupi hurudishwa hata mchana, na huweza kuruka bara zima.

FM ni habari nyingine. Mawimbi yake hupenya matabaka yale na kupotelea angani, kwa hiyo humfikia yule tu ambaye mlingoti unamwona, au karibu na hivyo. Mlingoti wa mita 100 katika nchi tambarare huona kiasi cha kilometa 40. Ndiyo sababu mitambo hupandishwa milimani, na ndiyo sababu mtu aliye juu ya kilima husikia kituo vizuri, naye jirani yake bondeni anasikia mvumo tu. Na pale Tunduma, mawimbi ya upande wa Nakonde yanaingia kila siku bila kuonyesha pasipoti.

Sasa turudi kwenye kopo. Redio ya kwanza kwa mtu anayeanza ina sehemu tano. Ya kwanza ni antena: waya wa mita 15 hadi 20 uliofungwa juu kati ya miti miwili, ukitengwa na matawi kwa kamba ya nailoni. Ya pili ni waya wa ardhini, uliofungwa kwenye chuma kilichopigwa katika udongo wenye unyevu. Ya tatu ni koili: chukueni kopo la plastiki lenye kipenyo cha sentimeta tano, mzungushie mara 80 waya wa shaba uliopakwa vanishi, wenye unene wa nusu milimita, mizunguko ikibanana. Mtahitaji waya wa kama mita 13. Pamoja na koili huwekwa kapasita ya kugeuza, ile inayotolewa kwenye redio mbovu. Ikiwa kapasita inafika pikofaradi 365, koili hiyo itaanza kushika karibu kilohezi 530, ambapo ndipo masafa ya kati yanapoanzia. Koili na kapasita hufanya kazi kama bembea: kila bembea ina mwendo wake, na ukiisukuma kwa mwendo huo tu ndipo inapokwenda juu. Ukigeuza kapasita unabadilisha mwendo wa bembea, na kituo kimoja kati ya vingi kinachaguliwa.

Ya nne ni dayodi ya jerimani. Hii hupitisha umeme upande mmoja tu, ikaitenganisha sauti na wimbi lililoibeba. Msitumie dayodi ya kawaida ya silikoni, kwa sababu hiyo hudai karibu nusu volti na zaidi kabla haijafunguka, na wimbi letu ni dhaifu. Ya tano ni kisikizi chenye ukinzani mkubwa. Visikizi vya simu havifai hapa, vinaumeza umeme wote.

Sitawadanganya. Redio hii haina betri, inakula nguvu ya wimbi lenyewe, kwa hiyo inahitaji mtambo wenye nguvu ulio karibu. Vituo vya masafa ya kati vimepungua sana duniani, na hapa Ruanda kopo peke yake huenda lisiseme kitu. Iundeni hata hivyo ili mzijue sehemu zake, kisha pigeni hatua ya pili. Kuna kifaa kidogo chenye miguu mitatu kiitwacho TA7642, kwa sura ni kama transista, lakini ndani yake mna transista kadhaa. Ni mjukuu wa ZN414 ya kampuni ya Ferranti ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1972. Hutumia jiwe moja tu la betri, volti 1.5. Kwa koili iliyozungushwa kwenye kijiti cheusi cha feraiti kutoka redio mbovu, kapasita yake, na vipande vichache vingine, mtasikia vituo vya mbali usiku.

Nina maonyo matatu, nayo si ya kupamba hotuba. Kwanza, ninyi mnazijua radi za huku. Wingu likianza kukusanyika, shusheni antena au muiache kabisa, msiiguse. Pili, msipitishe waya karibu na nyaya za umeme, wala msifungue redio iliyochomekwa ukutani. Tatu, kuunda redio ya kusikilizia ni elimu, lakini kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa kisheria. Mtambo wa kienyeji unaweza kuvuruga mawasiliano ya watu wengine, hata ya ndege.

Basi, jioni ile maabara, mwalimu alichukua jiwe la betri na kile kisikizi, akanifundisha kupima. Unaunganisha betri, kisikizi na kipande unachokipima. Ukigusa na kuachia, ukisikia "tik", njia ni nzima. Tukaanza na antena: tik. Waya wa ardhini: tik. Koili: kimya. Nilikuwa nimefunga ncha za koili bila kukwangua ile vanishi. Shaba haikuwa imegusana na kitu chochote. Dakika mbili za kisu zilitosha. Kisha akaniuliza, "Na ulijaribu saa ngapi?" Nikasema saa kumi alasiri. Akacheka. Tukaongeza transista moja na jiwe moja la betri, tukangoja giza. Saa mbili usiku nilisikia sauti ya mtu akisema Kiswahili, kwa mbali, ikipanda na kushuka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani nalo, nikampa baba kisikizi. Hakusema neno. Alisikiliza mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Ndugu zangu, chuo kikuu nilisoma mengi na mengine nimeyasahau, lakini swali lile sikulisahau. Katika ofisi moja niliyowahi kutumikia, mashine ya kuchapia ilifunikwa kitambaa kwa miezi minane ikisubiri fedha za kununua nyingine. Nilipomwita fundi apime hatua kwa hatua, ilionekana waya mmoja ulikuwa umechomoka. Katika miezi minane hiyo wananchi walikuwa wakitumwa mjini kutoa nakala kwa fedha zao. Kosa lisilotafutwa hulipiwa na mtu, na mara nyingi si yule aliyekaa karibu na mashine.

Namaliza kwa ombi. Leo kila kijana ana simu mfukoni, yenye mawimbi ya kila namna, na si rahisi kuifungua ujifunze. Redio mbovu inafunguka. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu wa zamani: mwakani kila mmoja wetu aje na redio moja mbovu kutoka nyumbani kwake. Msizitengeneze, zileteni vilevile. Mimi leo nimekuja na tatu, pamoja na pasi ya kulehemu, nazo nimezikabidhi kwa mwalimu wa fizikia. Kopo langu pia nimelileta, na ukizitazama ncha za koili utaona mahali kisu kilipopita.

Nanyi vijana, zikinyamaza, msizitikise. Anzeni na antena.