Mtoto wa Aliyekaribishwa: Je, Raia wa Tajinisi Aweza Kuwa Mkuu wa Nchi?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Katika mdahalo wa vijana uliotangulia sherehe hizi, kijana mmoja alisimama akauliza: "Nikipewa uraia wa Uganda, naweza kugombea urais?" Watu walicheka sana. Mtu anayepanga foleni ya posho anaulizia Ikulu! Lakini mimi niliona swali lile lina uzito, na leo nimeombwa kulijibu. Nitaanza na sheria, kisha nitawapeleka Jinja na Mbale, miji miwili ya huku mashariki yenye mafunzo mengi juu ya jambo hili.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 102, inasema kwamba Rais lazima awe raia wa kuzaliwa. Raia wa kuandikishwa na raia wa tajinisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa, hawaruhusiwi. Ubunge ni tofauti, kwa maana kifungu cha 80 kinadai uraia tu, bila kuuliza uliupataje. Kwa hiyo jibu fupi kwa kijana wetu ni: Bungeni unaweza kufika, Ikulu huwezi.

Je, ni haki? Wanaounga mkono sheria hii wana hoja nzito, wala tusiwadharau. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Anashika siri za nchi. Nchi ndogo inaogopa jirani mwenye nguvu asije akampandikiza mtu wake. Na si Uganda peke yake. Kenya kwa Katiba ya 2010, na Tanzania pia, zinadai Rais awe raia wa kuzaliwa. Marekani nayo ni hivyo hivyo. Mimi binafsi hoja hiyo naikubali. Mtu aliyefika ukubwani, akaapa kiapo cha uraia mbele ya ofisa, akiambiwa kwamba kiti kimoja tu katika nchi nzima si chake, hajaonewa sana.

Ila ndugu zangu, tatizo liko katika neno "kuzaliwa". Ukipita Main Street ya Jinja, inua macho utazame juu ya maduka ya zamani. Utaona majina ya Kihindi na miaka ya kujengwa, imechongwa kwenye saruji. Mbale nako yako maduka ya namna hiyo. Waliojenga walikuja zamani za reli na pamba. Watoto wao walizaliwa hapo, wajukuu wakazaliwa hapo, wengine wanasema Kisoga au Kigisu kuliko sisi tunavyosema Kiingereza. Wewe ungedhani hao ni raia wa kuzaliwa. La. Kifungu cha 10 hakitazami mahali ulipozaliwa peke yake. Kinataka mmoja wa wazazi au wa mababu zako awe wa jamii za asili zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, au awe mwenyewe raia wa kuzaliwa. Jamii hizo zimeorodheshwa: zilikuwa 56 mwaka 1995, zikafikia 65 katika marekebisho ya 2005. Wanyarwanda wamo. Wahindi hawakuwekwa, mwaka 1995 wala 2005.

Sasa pigeni hesabu. Mgeni anapata uraia wa tajinisi. Anazaa mtoto Mbale. Mzazi ni raia, lakini si raia wa kuzaliwa, kwa hiyo hata mtoto kifungu cha 10 hakimhesabu. Mtoto huyo naye akizaa na mtu wa hali kama yake, mjukuu yuko pale pale. Kitukuu vilevile. Kumbe mlango haukufungwa kwa mgeni peke yake. Umefungwa kwa ukoo wake wote, mpaka aoe au aolewe katika jamii zilizoorodheshwa.

Linganisheni na majirani. Ukitoka Mbale kwa njia ya Tororo, ukavuka mpaka Malaba, uko Kenya. Huko kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Hakiulizi mzazi huyo aliupataje uraia. Hivyo Kenya inamzuia mgeni mwenyewe, lakini mtoto wake anaanza sawa na wenzake.

Wengine watasema: damu ndiyo kinga ya nchi. Turudi Jinja. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Malkia huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa dola hadi Oktoba 1963, naye alizaliwa London. Nchi haikuanguka kwa ajili hiyo. Katika kambi ya jeshi ya Jinja hiyo hiyo alitumikia Idi Amin, ambaye kwa kuzaliwa hakuwa na kasoro. Ni Amin aliyetangaza mbele ya askari huko Tororo, tarehe 4 Agosti 1972, kwamba Waasia waondoke, nao wakapewa siku 90. Hata waliokuwa na karatasi za uraia wa Uganda walikaguliwa, na wengi wakakataliwa. Jinja na Mbale zikabaki na maduka yasiyo na wenyewe, na viwanda vikazorota. Yaani damu haikumzuia mzalendo kuiharibu nchi, wala karatasi haikumlinda aliyeitegemea.

Tena silaha hii hugeuka ikampiga hata mwenye nyumba. Kenneth Kaunda aliitawala Zambia tangu 1964 hadi 1991. Mwaka 1996 Katiba ikabadilishwa, wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia wa kuzaliwa, na Mzee Kaunda, ambaye wazazi wake walitoka Malawi, akazuiwa. Kule Côte d'Ivoire hoja ya uzazi ilimzuia Alassane Ouattara mwaka 2000. Nchi iliingia vitani, na baadaye huyo huyo akawa Rais. Unapoanza kuuliza babu wa mtu alitoka wapi, hujui utaishia kwa nani.

Na sisi tuliomo kambini? Kifungu cha 12 kinamnyima uandikishaji mtoto aliyezaliwa hapa kama mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi hawezi kuandikishwa, ila anaweza kuomba tajinisi. Sheria ya uraia inadai miaka 20 ya kukaa nchini. Wako humu waliokwisha kuitimiza.

Methali yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda imetupa jembe, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imetupa ruhusa ya kufanya kazi. Kwa hayo tunashukuru kwa moyo wote, maana zipo nchi ambako mkimbizi hatoki nje ya seng'enge. Lakini methali haisemi mjukuu wa mgeni afanyiwe nini.

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usililie Ikulu. Mimi na wewe tulifika hapa kwa lori, tutosheke na haki ya kukaa, kulima, kufanya kazi na, Mungu akipenda, kupiga kura. Lakini kwa heshima tunawaomba wenyeji wetu, na ninyi wa mashirika mnaokaa na wakubwa mezani, mlifikishe hili: mtoto wa raia aitwe raia wa kuzaliwa, hata kama mzazi wake alipewa uraia jana. Siyo kwamba kila mtoto wa kambini atagombea urais. Ila mtoto anayejua kwamba hakuna kiti alichokatazwa kwa sababu ya babu yake, huyo ataipenda nchi kama yake, kwa kuwa ni yake.