Unga wa Siku Moja
Jumapili ya 32 ya Mwaka B
(Masomo: 1 Fal 17:10–16, Ebr 9:24–28, Mk 12:38–44)



Mwezi huu wa Novemba, katika vijiji vingi vya Karatu, ghala zimebaki na mahindi ya mwisho. Watu hutazama juu, kuelekea milima ya Ngorongoro, wakihesabu mawingu. Mvua za vuli huenda zikawahi, huenda zikachelewa, huenda zisije kabisa. Ndipo Mama Kanisa anapotuletea mjane wa Sarepta, aliyekuwa akiokota kuni langoni mwa mji ili apike mlo wa mwisho, ale yeye na mwanawe, kisha wangojee kufa. Watu wa Karatu hawahitaji kuelezwa mama huyo ni nani. Wanamjua.

Tuitazame vizuri habari yake, maana mara nyingi tunaisimulia vibaya. Tunasema Mungu alimjazia mjane mtungi wake. Sivyo. Maandiko hayasemi kwamba mtungi ulijaa. Yanasema tu kwamba haikufika siku ya kuwa mtupu, hadi mvua iliporudi. Basi tumwone mama huyo akiinamisha mtungi wake kila asubuhi, na kukuta chini kabisa unga wa siku moja. Hakuamka hata mara moja akakuta gunia. Usiku alilala bila akiba ya kesho, isipokuwa neno la mgeni aliyepita njiani akiomba maji. Na neno lenyewe lilikuwa na sharti gumu: mkate wa kwanza apewe mgeni, ndipo mama na mtoto wapike wao.

Sisi tunapenda zaidi miujiza mikubwa. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alipogawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walitoka pande zote za Tanzania na nchi jirani. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi porini. Wagonjwa wengine waliondolewa vitandani hospitalini, na wengine walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nasi hatusimami hapa kumhukumu. Wala aliyeuza ng'ombe wake ili ampeleke mtoto Samunge hatumcheki. Alimpenda mtoto wake, na Mungu aliuona upendo huo. Lakini tunajiuliza juu ya mama aliyebaki nyumbani majuma yale, akimpa mgonjwa wake dawa kwa saa zilizopangwa, akikoroga uji, akifua shuka usiku. Ni nani aliyepanga foleni mlangoni pake ili auone mkono wa Mungu?

Tuwasimulie jambo moja, nalo si la sifa kwetu. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, na bei ikaanguka kwa wakulima wetu. Zao lililokuwa likisomesha watoto likakosa mnunuzi. Siku hizo, Jumapili moja baada ya Misa ya kigangoni, tulizuru nyumba ya mama mmoja. Mume wake alikuwa ameshuka Mang'ola kufanya kibarua katika mashamba ya vitunguu. Mama alikuwa na watoto wanne, na mama mkwe asiyeona. Alituuliza, “Baba, Mungu anatusikia kweli?” Tulimjibu kwa haraka, kama wajibuvyo watu ambao gari linawangoja: “Mama, uwe na imani, Mungu hamwachi mtu wake.” Tukasali, tukabariki nyumba. Tulipokuwa tukiaga, alituletea kuku, amefungwa miguu.

Mnajua wenyewe kwamba kukataa zawadi ya namna hiyo ni kumdharau mtu. Tukampokea. Njiani kuku yule alilalama nyuma ya gari, nasi tukaanza kufikiri ni nani alikuwa Elia siku ile, na ni nani alikuwa mjane. Elia, angalau, alibaki katika nyumba ile, akala alichokula mjane. Sisi tulikwenda kula kuku parokiani. Injili ya leo, kabla ya kutuonyesha mjane na senti zake mbili, inaanza kwa onyo kali kwa viongozi wa dini wanaosali sala ndefu huku wakila nyumba za wajane. Tangu mwaka ule hatuwezi kuisoma Injili hii bila kumkumbuka kuku huyo.

Jumapili iliyofuata tulirudi, safari hii tukiwa na debe la unga. Tulimwuliza mama wameishije juma zima. Alitueleza siku kwa siku. Jumatatu jirani yake, Mlutheri, alileta bakuli la unga akisema, “Nimekosea kipimo, mama, nimesaga mno, utanisaidia.” Jumatano mume alituma shilingi elfu kumi kwa simu, lakini wakala wa karibu hakuwa na fedha hadi Ijumaa. Na Alhamisi je? “Alhamisi hapakuwa na kitu, Baba. Tulikunywa chai ya rangi, tukalala.”

Hakulalamika, wala hakuificha ile Alhamisi. Sisi wahubiri tungeiruka, kwa sababu inaharibu mahubiri. Yeye aliihesabu pamoja na siku nyingine, na bado alisali Rozari na watoto usiku ule. Bwana wetu naye alikuwa na Alhamisi yake, pale bustanini, alipoomba kikombe kimwondokee na hakikumwondokea. Mtu akiwaambia kwamba mwenye imani hana Alhamisi ya namna hiyo, msimsadiki, hata akiwa amevaa stola.

Na zile shilingi elfu kumi, zilitoka wapi? Asubuhi nyingi ukungu hulala juu ya msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Majani huushika, matone hudondoka pamoja na ya mvua na kupotea ardhini. Anayepita pale huona baridi tu. Maji hayo hupita chini kwa chini, yakatokea kuwa chemchemi kwenye miteremko ya Karatu na kule bondeni Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mahali pakavu ambapo pasingeota kitunguu hata kimoja kwa mvua peke yake. Kibarua humwagilia kwa maji hayo, hulipwa ujira, huutuma nyumbani, na mkewe hununua unga. Katika safari hiyo yote hapana mahali ambapo mtu angepiga kelele kwamba ameona muujiza. (Nasi tunaoukata msitu huo kwa mkaa tujue tunatia mkono katika mtungi wa nani.)

Ninyi makatekista, mnapoongoza jumuiya ndogondogo, mna desturi ya kuuliza ni nani ana ushuhuda. Ni desturi njema. Lakini juma hili ulizeni pia ni nyumba gani imekuwa na Alhamisi, kisha msiharakishe kuimba.

Siku ile tuliporudi, mama aliufungua unga kabla hatujaondoka. Alichota bakuli moja, akamwita binti yake mkubwa. “Mpelekee jirani,” akasema. “Mwambie tumekosea kipimo.”

Tumsifu Yesu Kristo.