Uzuri Usiosahaulika



Katika kikao kilichopita binti mmoja aliuliza uzuri wa mwanamke usiosahaulika ni upi. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana katika vichochoro vyetu vya Tandale wapo wanaonunua mkorogo kwa fedha ya unga, na zebaki iliyomo katika baadhi ya dawa hizo huharibu figo. Swali lake, basi, ni swali la haki.

Nitamjibu kwa habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ukoo uliotokana na utumwa; hata jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikulia katika ufinyanzi, akapita akinadi vyungu. Hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura. Alipoanza kusifika mjini kwa uimbaji, wapinzani walimtungia nyimbo za kumdhihaki kwa umbo na ushamba wake. Naye alijibu kwa wimbo, kwamba mtu hapimwi kwa sura wala nasaba, bali kwa busara. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, zikasikika pwani na bara.

Lakini wenye sauti nzuri walikuwa wengi. Upo wimbo wake uitwao Kijiti. Unasimulia habari za mwanamke mjamzito, mgeni aliyetoka huku kwetu Dar es Salaam, aliyeuawa na Kijiti huko Unguja. Muuaji akatoroka, akavukia bara. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliotoa ushahidi, eti kwa kuwa ndio walioleta pombe. Zama zile Waingereza ndio waliotawala, na Siti hakuwa na cheo cha kumkinga; hata hivyo aliyaimba hayo hadharani. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo hata uzeeni. Ni nani leo anayeulizia pua ya Siti ilikuwaje?

Hata sasa mama akienda kueleza habari za jirani aliyepigwa usiku, huulizwa kwanza yeye alikuwa akifanya nini njiani saa zile. Mwaka huu nimeketi na kina mama wawili wa namna hiyo. Mmoja amekubali kurudi kituoni Jumatatu, nami nitafuatana naye. Anayeweza kutusindikiza na atuone baada ya kikao hiki.