Akiba ya Uzeeni si ya Wenye Mishahara Pekee
Hotuba ya afisa wa biashara wa kaunti kwa wafanyabiashara wa sokoni



Mama yangu aliuza samaki kwa zaidi ya miaka 30. Kila zamu yake ya chama ilipofika, pesa zilikuwa na kazi: karo, mabati, matanga. Hakuchezea hata senti. Lakini magoti yalipokataa, hakuwa na akiba yoyote kwa jina lake.

Sisemi muache chama. Chama kinatuvusha leo. Uzee unahitaji mfuko mwingine, usiofunguliwa kila shida inapobisha hodi.

NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa sisi tusio na mwajiri. Unaanza na shilingi 25 kwa siku, unalipa kwa simu. Tupige hesabu: 25 kila siku ni 9,125 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni 182,500, kabla ya kuongeza faida.

Wengine husema serikali itatulea. Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kuanzia miaka 70. Magoti hayangoji miaka 70.

Ukialikwa kwenye mpango mwingine wa uzeeni, uliza kwanza kama umesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia malipo ya uzeeni. Anayeahidi kukuzidishia pesa maradufu kwa mwezi mmoja, mwache apite.

Leo jioni mkihesabu mauzo, tengeni hiyo 25 kwanza, kabla ya matumizi mengine.