Mtoto Anajuaje Mwenzake Anatazama Wapi?



Mama akigeuza kichwa kuelekea dirishani, mtoto wake wa miezi sita naye hugeuka. Tukiona hivyo tunafurahi, tunasema keshajua mama anatazama nini. Nadhani tunaharakisha. Kufuata kichwa ni jambo moja, na kutambua kwamba macho ya mwenzako yanaona ni jambo jingine.

Michael Scaife na Jerome Bruner walilipima jambo hili mwaka 1975. Mtafiti aliketi ana kwa ana na mtoto, akamtazama, kisha akageukia pembeni. Miongoni mwa wachanga ni wachache tu waliofuata, lakini waliokaribia au kupita mwaka mmoja walifuata. Baadaye George Butterworth alionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hupatia upande, ila macho yake hunasa kwenye kitu cha kwanza anachokutana nacho njiani. Akifika mwaka mmoja hukipata kitu chenyewe. Kilichoko nyuma ya mgongo wake husubiri mpaka miezi 18 hivi.

Majaribio yanayonivutia kuliko yote ni ya Rechele Brooks na Andrew Meltzoff. Mtu mzima aligeuza kichwa, safari nyingine macho wazi, nyingine akiwa ameyafumba. Watoto wa miezi tisa walifuata vyote viwili bila kubagua! Wa miezi kumi na kumi na moja walifuata zaidi pale macho yalipokuwa wazi. Lakini mtu mzima akijifunga kitambaa machoni, hata mtoto wa mwaka mmoja alidanganyika, akageuka kutafuta kinachotazamwa na asiyeona. Basi watafiti wakawafunga watoto wenyewe kitambaa, wakaonja giza lake. Baada ya hapo waliacha kumfuata mtu aliyefungwa macho. Kwa hiyo mchezo wetu wa kumfunika mtoto kanga na kumfunua si wa kumchekesha tu.

Sasa nije kwenye vituo vyetu vya malezi, maana hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaompima mtoto kwa kigezo kimoja: je, anatazama uso wa mlezi na kuyafuata macho yake? Chen Yu na Linda Smith waliwavalisha wazazi na watoto wa mwaka mmoja vifaa vya kufuatilia macho wakati wanacheza mezani. Watoto hawakuutazama sana uso wa mzazi. Walitazama mikono yake ikishika vitu, na kwa njia hiyo wakakutana naye kwenye kitu kilekile. Mtoto anayeshinda mgongoni mwa mama anayechambua mchele ana mikono tele ya kufuata, na uso hauoni. Asiandikwe kuwa amechelewa kwa sababu hiyo pekee.

La mwisho linahusu lugha. Dare Baldwin, mwaka 1991, alikuta kwamba watoto wa miezi 16 hadi 19, wakisikia jina jipya huku wameshika kitu kimoja na mtu mzima anatazama kingine, hawakulibandika jina hilo kwenye walichoshika. Wenye miezi 18 na 19 walilipeleka kule alikotazama msemaji. Mlezi anayetaja “kijiko” huku macho yake yako kwenye simu, watoto wa umri huo wanamsoma vizuri. Kwa kuwa mtoto hufuata mikono na macho pia, napendekeza kwenye fomu zetu za kumpimia mtoto tuongeze safu ya mikono kando ya ile ya macho.